Okidi chui (Ansellia africana)

Okidi chui ni okidi kubwa ya mwituni inayoota juu ya miti katika sehemu kubwa ya Afrika ya kitropiki na kusini mwa bara. Nchini Tanzania huonekana, pamoja na kwingineko, katika miombo ya magharibi inayopanda kutoka mwambao wa Ziwa Tanganyika. Ndiyo spishi pekee ya jenasi yake.

Hainyonyi mti unaoibeba, hujishikiza tu. Mashina yake yana pingili kama muwa. Baadhi ya mizizi hung'ang'ania gome, na mingine, myeupe na yenye ncha, husimama wima na kunasa majani makavu yanayodondoka. Yakioza, mmea hupata chakula. Maua ni ya manjano yenye madoa ya kahawia, ndiyo asili ya jina la chui. Hata hivyo, zipo okidi chui ambazo maua yake hayana doa hata moja.

Jina la kisayansi lilitolewa mwaka 1844 na John Lindley wa Uingereza, kwa heshima ya John Ansell, msaidizi wa mtaalamu wa mimea Theodor Vogel katika msafara wa Mto Niger wa 1841. Homa iliua wengi msafarani, na Vogel mwenyewe alifia kisiwani Fernando Po (sasa Bioko, Guinea ya Ikweta) mwaka huohuo. Ni kisiwani humo Ansell alipoikuta okidi hii, imeota kwenye shina la mchikichi. Mkazi wa Ujiji au Simbo, karibu na Ziwa Tanganyika, hatashangaa: mchikichi ukikatwa makuti, vikonyo hubaki shinani na kushika taka na unyevu, na mimea mingine huota humo.

"Africana" lilikuwa jina pana mno kwa mmea uliotoka kisiwa kimoja, lakini baadaye lilithibitika kuwa sahihi. Wataalamu waliofuata walizigawa sura zake kwa majina kama gigantea, nilotica na congoensis. Leo kwa kawaida zote huhesabiwa spishi moja.

Shirika la uhifadhi la IUCN limeiweka kati ya spishi zilizo hatarini kiasi, kwa sababu ya kuchumwa kwa ajili ya biashara na kukatwa kwa misitu. Mti ukiangushwa kwa mkaa, okidi huanguka nao. Kama okidi nyingine, biashara yake ya kimataifa husimamiwa na mkataba wa CITES, kwa vibali.