Hamira na Daftari Lake
Hamira ile ile inayoumua maandazi iliweka historia mwaka 1996. Wanasayansi wapatao 600 wa Ulaya, Amerika ya Kaskazini na Japani walikamilisha kuisoma jenomu yake: kromosomu 16, jeni zipatazo 6,000. Lakini kusoma ni jambo moja, kutunza ni jingine. Katika miaka hiyo ya 1990 Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kilianzisha hazina ya kumbukumbu zake kwenye intaneti. Wataalamu husoma makala za utafiti na kuandika kila jeni inafanya kazi gani. Kazi hiyo haina shangwe, nayo hutegemea ruzuku ya serikali. Ikikatizwa, mtafiti wa saratani huenda akarudia majaribio yaliyokwisha kufanywa. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.