Mabua Yanayopanda Mlima

Kihamba, bustani ya nyumbani ya Wachagga katika miteremko ya kusini na mashariki ya Kilimanjaro, ni shamba dogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1984 ulikuta wastani wa hekta 0.68, yaani kama ekari 1.7. Katika eneo hilo ilibidi pawe na migomba, mibuni, magimbi, viazi vikuu, miti ya kivuli, nyumba ya familia na mifugo, vyote ndani ya mpaka wa masale, mimea ya uzio. Nafasi ya kuchungia haikuwepo, kwa hiyo sehemu kubwa ya chakula cha ng'ombe ilitafutwa nje ya mpaka huo.

Wasafiri wa Ulaya waliofika mlimani katika nusu ya pili ya karne ya 19 walikuta ng'ombe wakilishwa ndani, mara nyingi chini ya paa lilelile walimolala watu. Kukata majani na kuyabeba ilikuwa kazi ya wanawake. Kiangazi kilipokausha nyasi, mgomba uliokwisha kuzaa ulikatwakatwa wakapewa ng'ombe, nao uliwapa maji zaidi ya lishe. Majani yake makavu yalitandikwa zizini yanyonye mkojo, kisha yakarudishwa shinani mwa migomba pamoja na samadi. Hata machicha ya mbege, pombe ya ndizi na ulezi, hayakumwagwa bali yalipewa ng'ombe.

Thamani ya samadi inaonekana vizuri katika desturi ya kukopeshana ng'ombe, ambayo mmisionari Mjerumani Bruno Gutmann aliieleza kwa kirefu. Mwenye ng'ombe wengi alimkabidhi mtu mwingine ng'ombe mmoja amtunze. Ng'ombe na ndama wake walibaki mali ya mwenyewe, ila mtunzaji alipata maziwa na samadi. Mtu asiye na ng'ombe hata mmoja aliweza hivyo kurutubisha kihamba chake kwa jasho la kubeba majani tu.

Enzi ya ukoloni ilibana ardhi kutoka pande mbili. Juu, msitu ulifanywa hifadhi. Chini ya ukanda wa migomba, walowezi walichukua mashamba makubwa yaliyotenganisha vihamba na tambarare. Wakati huohuo kahawa, iliyofika kupitia misheni ya Kilema mwishoni mwa karne ya 19, ilienea haraka katika miaka ya 1920 kwa msukumo wa Charles Dundas, ofisa wa utawala wa Kiingereza mjini Moshi. Wakulima waliunda chama chao, Kilimanjaro Native Planters Association (KNPA), mwaka 1925, na chama cha ushirika, Kilimanjaro Native Co-operative Union (KNCU), kikachukua nafasi yake mwaka 1933. Mibuni ilipandwa katikati ya migomba, na kila kihamba kikawa na mdomo mmoja zaidi wa kulisha, kwa kuwa mbuni nao hutaka samadi na matandazo. Majani ya mgomba yaliyokuwa ya ng'ombe peke yake sasa yaligombaniwa.

Urithi nao uligawa. Kwa mila, mwana wa kwanza hutafutiwa kihamba aoapo, na wa mwisho hubaki na nyumba ya baba. Wa katikati hujitafutia. Ardhi mpya ilipokwisha, ile ya zamani ikamegwa. Mkoa wa Kilimanjaro ulikuwa na watu wapatao 650,000 katika sensa ya 1967, na zaidi ya 1,600,000 katika ile ya 2012.

Kilichookoa ufugaji ni mahindi. Kadiri vihamba vilivyopungua ukubwa, familia zililima mahindi na maharage katika mashamba ya tambarare, mengine umbali wa kilomita 10 au zaidi kutoka nyumbani. Baada ya mavuno ya masika, yaliyopandishwa mlimani hayakuwa nafaka tu. Majani na maganda ya maharage yalithaminiwa zaidi kwa kuwa ni laini na yana protini. Mabua ya mahindi yalifungwa mitumba, yakabebwa kichwani, na baadaye kwa malori na pikapu. Katika mashamba makubwa ya ngano ya Kilimanjaro Magharibi kombaini hutema mabua nyuma yake na kuendelea. Kwa mwenye nusu ekari mlimani, bua ni shamba la ziada lisilohitaji hati.

Lakini safari hiyo ilikuwa ya upande mmoja. Punje za mahindi hubeba sehemu kubwa ya naitrojeni na fosforasi ya mmea, ilhali potasiamu nyingi hubaki kwenye bua. Na mgomba ni mlaji mkubwa wa potasiamu. Bua likipita tumboni mwa ng'ombe au likikanyagwa zizini, potasiamu ya tambarare huishia kihambani. Samadi ni nzito, nayo ilimwagwa karibu na zizi. Haikuwa na sababu ya kushuka. Sifa inayopewa kihamba, kwamba kimeishi muda mrefu bila kuchoka, ni ya haki, ila sehemu ya gharama yake imelipwa na udongo wa chini, ambao wasifiaji huusahau.

Mabua yenyewe ni chakula hafifu. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa mifugo nchini Tanzania walijaribu kuyalainisha kwa maji ya urea. Wakulima wengi waliendelea kuyakatakata na kuyachanganya na pumba. Mfumo wa mgawo wa kahawa duniani ulipovunjika mwaka 1989 bei ilianguka, na maziwa yakazidi kutegemewa kama chanzo cha fedha. Ng'ombe chotara wakala zaidi, majani ya malisho ya mabingobingo na guatemala yakajaza kingo za vihamba, na mabua yakawa bidhaa ya kununuliwa. Skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, iliyoanza mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, iliongeza mabua ya mpunga kwenye biashara hiyo.

Watu pia walishuka. Familia zilizokosa kihamba zilijenga huko chini, karibu na mashamba, na kufuga hukohuko. Mabua ya mashamba hayo sasa huliwa palepale yalipoota, na samadi yake hurudi kwenye mahindi.