Mfyatuko wa Ganda

Sokoni Gatina, Kawangware, ndengu humfikia mnunuzi zikiwa zimepepetwa na kupimwa kwa gorogoro. Hasara ya zao hilo imebaki mashambani, Kitui na Makueni. Maganda ya ndengu hayaivi kwa pamoja: ya chini yamekwisha kuwa meusi, ya juu bado mabichi. Jua la saa sita likiyakuta yaliyokauka, hulia “ta!”, kuta mbili zikajisokota, punje zikaruka mchangani. Ndiyo maana wengi huchuma kwa awamu, tena asubuhi, umande ungalipo.

Wanabotania huliita tukio hilo dehisensi. Kwa Kiswahili husemwa tu kwamba ganda “limepasuka”, jambo ambalo si kosa, ila hata ndoo hupasuka. Tena lipo “kupukutika”, linalofaa zaidi majani au matunda yanayoachia kikonyo. Neno linalokaribia ukweli ni “mfyatuko”, kwa kuwa ganda, kama mtego, hutegwa kwanza.

Na mtegaji mmojawapo ni homoni, kemikali ambazo mmea hujitengenezea kwa kiasi kidogo mno ili kuongoza ukuaji wake. Mwaka 2009 watafiti wa John Innes Centre, Norwich, Uingereza, walieleza walichokiona katika mmea mdogo uitwao Arabidopsis. Ili tunda lake lifunguke, homoni ya oksini lazima ipungue kwenye ukanda mwembamba wa seli kando ya mshono. Walipoufanya ukanda huo utengeneze oksini, matunda hayakufunguka ipasavyo. Jibarelini nayo huhitajika ili seli hizo ziweze kuachana. Katika kanola, zao la mbegu za mafuta, ethilini, gesi ileile inayoivisha ndizi, huharakisha kazi hiyo.

Lakini homoni hulegeza mshono tu. Nguvu ya kurusha punje hutokana na ukavu: nyuzi za ndani ya ganda hunywea na kuvuta kuta zijisokote. Mwaka 2014 wanasayansi wa Japani walitambua katika soya jeni ya Pdh1, inayoongeza msokoto huo. Soya ambazo jeni hiyo imeharibika hukaa shambani zimekauka bila kufyatuka ovyo, na wazalishaji wa mbegu wamenufaika nazo sana.

Basi anayeuziwa mbegu mpya ya ndengu asiishie kuuliza magunia kwa ekari. Aulize pia maganda yake huvumilia jua siku ngapi kabla ya kufyatuka.