Kofia ngumu ya pikipiki: mambo ya kukagua kabla ya kupanda

Ukiishi Karatu, huenda bodaboda ndiyo usafiri wako wa kila siku. Barabara ya lami kutoka Makuyuni inapanda ukingo wa Bonde la Ufa juu ya Mto wa Mbu, inapita Rhotia na Karatu mjini hadi lango la Loduare la Ngorongoro, na muda wote pikipiki inagombea nafasi na malori na magari ya watalii. Ukiiacha lami kwenda Endabash, Oldeani au Mang'ola, unakutana na vumbi wakati wa kiangazi na utelezi wa udongo mwekundu wakati wa masika.

Mguu uliovunjika mara nyingi huunga. Ubongo ulioumia vibaya unaweza usirudi kama ulivyokuwa. Tena, majeruhi anayehitaji upasuaji wa ubongo anaweza kupewa rufaa kwenda Arusha, zaidi ya kilomita 130 kutoka Karatu, au KCMC mjini Moshi, mbali zaidi ya hapo. Saa hizo za njiani ni sababu kubwa ya kukilinda kichwa mapema.

Kofia inafanya nini hasa?

Kofia ngumu, au elementi kama wengi wanavyoiita, ina sehemu mbili zinazofanya kazi. Ganda la nje hutawanya nguvu ya pigo na kuzuia kitu chenye ncha kisipenye. Ndani yake kuna povu gumu, linalofanana na lile jeupe linalofungiwa televisheni mpya. Unapogonga chini, povu hilo hubonyea, na kichwa husimama taratibu kidogo badala ya kusimama ghafla. Tofauti ni ya sehemu ndogo sana ya sekunde, lakini ndiyo inayopunguza kishindo cha ubongo dhidi ya fuvu.

Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2008 yalikadiria kuwa kwa waliopata ajali za pikipiki, kofia hupunguza uwezekano wa kufa kwa takriban asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69.

Povu likishabonyea halirudi. Kwa hiyo kofia iliyokwisha pata ajali imemaliza kazi yake, hata kama ganda linang'aa. Ndiyo sababu tunashauri usinunue ya mtumba: huwezi kujua imepitia nini. Kofia ya fundi ujenzi nayo si mbadala. Imetengenezwa kwa ajili ya kitu kinachoanguka juu ya utosi, na dereva wa pikipiki huangukia ubavu, kisogo na uso.

Kagua mwenyewe

Wapo watu wanaoruka kutoka kwenye majabali na majengo marefu wakiwa na parachuti moja tu, bila ya akiba. Ni kawaida yao kulikunja wenyewe na kukagua kila kamba, kwa sababu wakisharuka hakuna nafasi ya kurekebisha. Abiria wa bodaboda anaweza kuwaona wendawazimu, kisha akapanda na kofia ambayo kamba yake ilikatika tangu mwaka jana.

Anza na kamba ya kidevuni. Ivute kwa nguvu, kisha ifunge. Iwe imebana kiasi kwamba vidole viwili tu vinapita kati yake na shingo. Halafu shika kofia kwa nyuma na ujaribu kuisukuma mbele. Ikivuka macho au ikitoka, haikutoshi. Kofia isiyofungwa hutangulia kuruka kabla kichwa hakijafika chini. Kwa maoni yetu, ya bei nafuu iliyofungwa vizuri ni bora kuliko ya ghali iliyoning'inizwa kwenye mkono kungoja trafiki.

Kisha tazama ndani. Kuna povu gumu, au ni sponji laini peke yake? Limepasuka? Kioo kinaonekana vizuri asubuhi ya ukungu? Usiisafishe kofia kwa petroli wala tina, kwa kuwa vinaweza kudhoofisha ganda la plastiki. Maji na sabuni vinatosha.

Wanawake wengi hutuambia tatizo lao ni nywele na usafi. Ni hoja ya kweli. Kofia inayovaliwa na abiria ishirini kwa siku inaweza kuhamisha fangasi wa kichwani. Vaa kitambaa chepesi chako mwenyewe ndani. Kilemba kinene hakifai, maana kofia hukaa juu juu.

Abiria naye ana wajibu

Kanuni za leseni za pikipiki za biashara zinataka dereva na abiria wote wavae kofia ngumu, na abiria awe mmoja. Ukiambiwa "ni hapo tu karibu, mama", una haki ya kukataa kupanda. Ukisafiri mara kwa mara, nunua yako. Mtoto mdogo anayebanwa katikati ya watu wazima hana kofia inayomtosha, na kumvalisha ya baba yake hakumsaidii.

Ajali ikitokea

Usimvue majeruhi kofia kwa pupa, kwa kuwa shingo inaweza kuwa imevunjika. Kama anapumua vizuri, mwache nayo na mzuie asisogeze kichwa. Kama hapumui au anapaliwa na matapishi, mtu mmoja ashike kichwa na shingo visicheze, mwingine afungue kamba na kuivuta kofia polepole.

Mtu anaweza kuinuka, akajipangusa vumbi na kusema yuko sawa, kumbe damu inavuja ndani ya fuvu. Asilale peke yake usiku huo. Mpeleke hospitali mara moja akitapika tena na tena, akiumwa kichwa kinachozidi, akisinzia isivyo kawaida, akichanganyikiwa, akipata degedege, akitokwa na damu au maji puani au masikioni, au mboni za macho zikitofautiana ukubwa. Asinywe pombe. Asimeze aspirini wala diklofenaki kwa sababu zinaweza kuongeza kuvuja damu. Kwa maumivu madogo parasetamoli inatosha, na maumivu yakizidi licha ya dawa, mpeleke hospitali usiku huohuo.