Mgeni wa Kilosa alizikwa na nani?

Wengi wetu Kilosa tunaijua kwa kupitia dirishani. Zamani treni ya reli ya kati ilisimama pale, akina mama wakapita na beseni za ndizi na mihogo, kisha safari ikaendelea. Tangu mwaka 2024 iko treni ya umeme ya kwenda Dodoma, na hiyo inakimbia hata usipate nafasi ya kuuliza bei ya mhogo. Mikumi nayo tunaijua kwa dirisha la basi. Konda anapaza sauti kwamba kuna tembo kulia, watu wote wanainuka, na waliokaa kushoto wanaona migongo ya wenzao.

Leo naomba tushuke.

Babu yangu mzaa baba alishuka Kilosa akiwa kijana, manamba, kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Alikuja kukata mkonge. Hakuwa na ndugu hata mmoja wilaya nzima, lugha ya wenyeji hakuijua, na Kiswahili chake, kwa maelezo ya baba, kilikuwa cha kuombea maji tu. Alifariki mwaka 1971, kabla mimi sijazaliwa. Baba alinisimulia mara nyingi kwamba kwenye maziko yale walikuja watu wengi kuliko waliokuja kumzika nyapara mkuu. Walikuja wamejipanga mistari, wamevaa kaptura nyeupe, na ngoma kubwa mbele. Wao ndio waliochimba kaburi, walionunua sanda, na waliompa bibi fedha ya kuanzia maisha. Walikuwa kikundi cha mganda, ambacho babu alikicheza kila Jumapili kwa miaka zaidi ya ishirini.

Nilipokuwa mdogo niliona ni habari ya ngoma tu. Sasa naona ni habari ya wilaya nzima.

Kilosa ni mahali pa wageni tangu zamani sana. Kabla ya reli, njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita katika nchi ya Wasagara. Wapagazi wa Kinyamwezi walipita pale na mizigo mabegani wakiimba, maana mzigo mzito bila wimbo hauendi mbali. Hapana shaka ndiyo sababu utani wa makabila umeshika sana njia ile. Mtu akifia safarini, mtani wake ndiye aliyesimamia maziko, na alipokea ujira wake kwa matusi ya mzaha.

Kisha wakaja Wajerumani na reli. Walianza Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Kilosa ikawa stesheni. Mwaka huo wa 1914 vita vikaanza, na Agosti 1916 majeshi ya upande wa Waingereza yakaingia Kilosa. Vita vile viliwakokota watu wetu kwa maelfu, askari na wapagazi, kutoka pande zote za nchi. Waliobaki hai walirudi, au hawakurudi bali waliishia njiani, wakiwa na kitu kimoja kipya, nacho ni beni.

Vijana wa leo beni hawaijui. Ilianza pwani, Lamu na Mombasa, miaka ya 1890, kwa kuiga bendi za kijeshi za wakubwa. Baada ya vita ikasambaa hadi bara. Vilikuwako vyama viwili vikubwa, Marini na Arinoti. Mjini Dar es Salaam, Marini walikuwa zaidi makarani na watu wa pwani waliojiona wamestaarabika. Arinoti walikuwa vibarua na watu wa bara. Kila chama kilikuwa na vyeo vyake: kingi, maofisa, madaktari, hata manesi. Mzungu aliyepita aliwaona Waafrika wanaomwigiza akacheka. Wengine hawakucheka. Maofisa wa Kiingereza waliwapeleleza, kwa sababu waliona chama chenye matawi kila mji wa reli, na watu wake wakipeana habari bila kupitia bomani.

Lakini tazama jambo ambalo ripoti za wapelelezi zililitaja kwa kupita tu. Mwanachama wa Marini aliyehamia mji mwingine alipokelewa na Marini wa huko. Alipewa pa kulala, akatafutiwa kazi, na akifa alizikwa. Kibarua ambaye Mjerumani na Mwingereza walimjua kwa namba, ndani ya chama alikuwa luteni. Ilimpasa kujifunza kusimama kwenye mstari, kufuata saa, kutoa mchango, kuzungumza kikaoni na kusubiri zamu yake. Na yote hayo yalifanyika kwa Kiswahili. Tukisema Kiswahili kilienezwa na shule na serikali tunasema kweli, ila tunasahau kwamba kabla ya shule kufika, watu wa Kilosa na Tabora walikuwa wanagombana kwa Kiswahili juu ya nani anastahili cheo cha kingi.

Mganda wa babu yangu ni mtoto wa beni. Uliota upande wa Ziwa Nyasa baada ya vita vile, ukiwa na gwaride lile lile na vyeo vile vile, isipokuwa tarumbeta za shaba hazikupatikana, watu wakatengeneza za vibuyu. Manamba waliusafirisha hadi kwenye mashamba ya mkonge ya Kimamba, Rudewa na Msowero. Kule kambini mtu alifanya kazi kwa kipande, siku thelathini zijazwe ndipo alipwe. Kambi zilikaliwa kwa makabila: hapa Wangoni, pale Wamakonde, pale Wanyamwezi. Jumapili kila kambi ilitoa ngoma yake uwanjani. Wakubwa wa mashamba walipenda sana, maana mtu anayecheza hatoroki. Sitaki tuwafanye wazee wetu malaika. Ngoma zile zilishindana, zilitukanana, na vijiti vya ngoma vilipata kugeuka silaha. Hata hivyo, kwenye mashindano ndiko Mngoni alikomjua Mmakonde kwa jina.

Wageni hawa hawakukuta uwanja mtupu. Wasagara, Wakaguru na Wavidunda walikuwa na shule yao ya nyimbo zamani. Msomi wa Kimarekani T. O. Beidelman, aliyefika Ukaguru mwaka 1957, aliandika kitabu kizima kilichotoka mwaka 1997 juu ya mafunzo ya jando na unyago ya Wakaguru. Anaonyesha kwamba nyimbo na mafumbo ndiyo yaliyobeba masomo. Mtoto huimba kwanza maneno asiyoyaelewa. Maana yake hufunguliwa baadaye, na wakubwa, kidogo kidogo. Kwa hiyo asiyeujua wimbo si mtu mzima, na asiyeimba na wenzake hakufundwa. Sisi tuliosoma shule tulizoea kinyume chake, yaani uelewe kwanza ndipo uruhusiwe kufungua mdomo.

Nawaomba radhi wapenzi wa muziki wa dansi kwa kuupitia haraka, maana wenyewe una vipindi vyake. Morogoro Jazz ilianza mwaka 1944, na Salum Abdallah alianzisha bendi iliyokuja kuitwa Cuban Marimba mwaka 1948. Bendi nyingi za wakati ule zilikuwa vilabu. Gitaa lilikuwa mali ya wanachama, na kijana alilishika mkubwa alipopumzika. Katika hali hiyo alitokea Mbaraka Mwinshehe, aliyefika Japani na Morogoro Jazz mwaka 1970, akaanzisha Super Volcano mwaka 1973, akafa kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianza mwaka 1981, Mbaraka akiwa kaburini miaka miwili. Basi tusiulize alisoma wapi.

Twende Mikumi, nilikokulia mimi. Mikumi ni mji mdogo wa juzi juzi. Hifadhi ya Taifa ilitangazwa mwaka 1964, reli ndogo ya kutoka Kilosa ikafika Kidatu mwaka 1965, kisha ikaja lami ya barabara ya Zambia. Kila mtu pale ametoka kwingine: dereva aliyeharibikiwa gari akabaki, mkata miwa wa Kilombero aliyechoka, askari wa wanyama, mama lishe. Baba alihamia huko mkonge ulipoanza kuporomoka. Mganda hakuuhamisha. Alituhamishia kwenye kwaya.

Nilikuwa na miaka tisa. Mwalimu wa kwaya alinisimamisha nyuma ya mzee mmoja fundi baiskeli, mwenye sauti ya nne, ingawa mimi sauti yangu ilikuwa ya kwanza kabisa. Akasema, "Simama hapo, sikiliza mgongo wake." Nilicheka. Lakini mgongo wa mtu anayeimba besi unatetemeka kweli, na ukikaa karibu miezi sita unaanza kujua wimbo unakwenda wapi kabla haujafika. Ubaoni kulikuwa na noti za herufi, do, re, mi, njia iliyoletwa na wamisionari. Wazee wengi hawakuweza kusoma barua, lakini herufi zile walizisoma. Kwaya ilikuwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na daftari la faini. Kuchelewa, faini. Kusengenya, faini. Kukosa msiba wa mwenzako bila taarifa, faini mara tatu. Nadhani kingi wa Marini angelielewa daftari lile bila kufasiriwa.

Sasa naja kwenye jambo linalonisumbua, nalo linatuhusu sisi watu wa redio.

Redio nchini ilianza mwaka 1951, ikiitwa Sauti ya Dar es Salaam. Imefanya kazi kubwa. Bila kanda zake tusingekuwa na nusu ya muziki wa wazee wetu. Lakini miaka zaidi ya ishirini iliyopita, nikiwa na cheti changu kipya cha diploma na kinasa sauti begani, nilikwenda kijiji kimoja karibu na Mikumi kurekodi kikundi cha ngoma. Walikuwa kama watu arobaini, vikongwe na watoto pamoja. Wengine walipiga makofi nje ya mapigo. Mama mmoja aliimba wimbo uliotangulia. Nilisikiliza kwa vifaa vyangu nikaona haifai. Nikawaomba viongozi wanichagulie wanane walio hodari, wengine wakae pembeni kimya.

Bibi mmoja akaniita. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu. Hao unaowatoa ndio wanaojifunza." Nikamjibu kwa heshima kwamba ni kwa dakika chache tu, kisha nikaendelea na kazi. Kipindi kilitoka kizuri, nikasifiwa ofisini. Niliporudi baada ya mwaka, kikundi kilikuwa cha watu wanane. Walikuwa na sare, kibao chenye jina na namba ya simu, wakisubiri mialiko ya sherehe. Waliobaki walikuwa watazamaji. Nilipouliza habari za yule bibi nikaambiwa amefariki. Sikuuliza aliyemzika.

Najua mtaniambia kwamba mambo mengi yamevivunja vikundi hivi. Mkonge ulianguka bei. Mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yaliwatoa maelfu ya watu wa Kilosa majumbani wakaishi kwenye mahema. Simu imeingia. Ni kweli yote. Lakini bibi yule hakunilaumu kwa mafuriko.

Kisha nalifikiria jambo zito zaidi. Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni, ndani ya wilaya hii hii, watu 38 waliuawa katika mgogoro wa wafugaji na wakulima. Mwaka 2009 ikaja operesheni ya kuondoa mifugo. Kila upande una hoja zake juu ya ardhi na maji, nami simwambii mtu kwamba nyimbo zitaongeza maji mtoni. Ninachokiona kama mtu wa historia ni kwamba wilaya hii iliwapokea Wamanyema, Wanyamwezi, Wangoni na Wamakonde, na karibu wote waliingia kwa mlango wa ngoma. Mfugaji alifika mlango huo ukiwa umekwisha kufungwa. Anakutana na mkulima sehemu tatu tu: mnadani, mtoni, na baraza la usuluhishi.

Mwezi uliopita nilikwenda Mikumi kumwona mama, nikapita kwenye mazoezi ya kwaya yangu ya zamani. Fundi baiskeli alikwisha kufa. Mahali pake amesimama kijana wa Kimasai, mlinzi wa duka la vifaa vya ujenzi. Katibu aliniambia kwamba kijana yule alikuwa anasikilizia dirishani kila Jumatano kwa miezi, rungu mkononi, mpaka mwalimu akachoka na kivuli chake akamwambia aingie, asimame nyuma ya sauti ya nne. Noti bado hazijui vizuri. Niliomba kuliona daftari la faini, kwa kumbukumbu za utoto tu. Jina lake limo mara nne, shilingi mia tano kila mara, kwa kuchelewa, maana zamu yake ya lindo inaanza saa moja jioni na tajiri wake hataki kuibadilisha. Tatu amelipa. Ya nne anadaiwa.