Nguzo za kichwa chini

Vijana wenzangu, sisi tumezoea rukarakara na mabati. Leo tuongee jiwe.

Pale Mkunazini, mjini Zanzibar, kuna kanisa kuu la Waanglikana. Umbo lake ni la Kiingereza: mnara, kuta nene, madirisha yenye ncha juu. Ila mwili wake ni wa pwani kabisa, matumbawe na chokaa. Hata paa si la mbao. Ni tao la matumbawe yaliyochanganywa na saruji.

Askofu Edward Steere alianza kulijenga 1873, mwaka uleule Sultani Barghash alifunga soko la watumwa. Likasimama palepale sokoni. Walioachwa huru, wengine walitoka mbali huko Ziwa Nyasa, njia ya kurudi hawana. Misheni ikawapa makazi Mbweni, nje ya mji. Hiyo hadithi si tunaijua?

Ndani kuna nguzo fupi. Wanasimulia kwamba mafundi walizisimamisha kichwa chini Askofu akiwa safarini. Wageni wanacheka. Mimi sicheki: pengine fundi hakuwahi kuona nguzo za aina ile, lakini alizisimamisha, na mpaka leo zipo.

Steere alifariki 1882, akazikwa nyuma ya altare, jina lake linasomwa. Majina ya mafundi hatuyasikii.

Basi hapa Rusizi, ndugu, na nyinyi wa mashirika: tukijenga darasa au choo, tuandike ukutani majina ya waliobeba mawe. Wajukuu watauliza.