Nani Anamwamuru Mwenye Gobori?

Msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ulipotua Unyanyembe, penye Tabora ya leo, wapagazi walishusha mizigo na kuuliza kwanza: Mirambo yuko wapi? Kuanzia 1871 hadi 1875 vita vya mtemi huyo wa Wanyamwezi na Waarabu wa Tabora viliifanya njia ya Ujiji kuwa ya roho mkononi. Rugaruga wake, vijana wenye magobori na nguo nyekundu, hawakuwa na mshahara wala kanuni. Posho yao ilikuwa nyara, na sheria yao ilikuwa Mirambo mwenyewe, aliyekwenda nao vitani. Alipofariki Desemba 1884, ndugu yake Mpandashalo alirithi kiti bila kurithi utii, na baada ya miaka michache dola likasambaratika. Huko Ukimbu, mtawala Nyungu ya Mawe aliyekufa mwaka huohuo alikuwa ameacha watwale, yaani wakuu wa maeneo, kila mmoja na eneo lake na wajibu wa kukusanya pembe za ndovu. Mwanamke, Mgalula, alimrithi, na dola likasimama.

Wajerumani walikuja na kanuni za maandishi. Katika koloni lao gavana ndiye aliyekuwa mkuu kijeshi, kamanda yuko chini yake. Vita vilipozuka 1914, Gavana Heinrich Schnee alitaka koloni likae pembeni. Kamanda Paul von Lettow-Vorbeck alitaka kupigana, akapigana. Vita vikafika hadi Tabora, iliyotekwa na Wabelgiji Septemba 1916.

Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles, jeshi la Tanganyika huru, waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, wakidai mishahara na kuondolewa kwa maofisa Waingereza. Kesho yake kikosi cha pili, kilichokuwa Tabora, kikafuata. Askari wa Tabora walijichagulia kamanda: Kapteni Mirisho Sarakikya. Lakini kamanda aliyepewa cheo na askari wake atawaamuru vipi wasilolitaka? Rais Julius Nyerere aliomba msaada wa Uingereza, uasi ukazimwa, jeshi likavunjwa.

Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lilipoundwa Septemba 1964, aliyeliongoza alikuwa Sarakikya yuleyule, safari hii kwa uteuzi wa Rais. Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya 1966 ikakipa cheo chake msingi wa kisheria. Katiba ya 1977 nayo inamtaja Rais kuwa Amiri Jeshi Mkuu. Ibara ya 147 inakataza mtu yeyote kuunda jeshi isipokuwa Serikali, na inamzuia mwanajeshi kujiunga na chama cha siasa. Ya 148 inampa Rais uteuzi wa viongozi wa majeshi. Rais naye amewekewa mpaka: akitangaza vita, ibara ya 44 inamtaka Spika aitishe Bunge ndani ya siku 14.

Mwaka 1974 Sarakikya aliondoka, Abdallah Twalipo akashika nafasi yake, na jeshi likaendelea kutii. Mpandashalo asingeamini.